Umezoea Mbwa, Sasa Umeletewa Paka: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wa mbwa. Wamekua na mbwa, wanajua kumfundisha mbwa kukaa na kusubiri, na sasa paka ameingia nyumbani kwao: kwa ndoa, kwa ajili ya panya, au kwa kuja mwenyewe akagoma kuondoka. Malalamiko yao karibu yote yana mzizi mmoja. Paka anapimwa kwa kipimo cha mbwa, anaonekana amepungukiwa. Tumejibu kwa kirefu penye hatari na penye kazi ya mikono.

Nina mbwa wawili wakubwa wa ulinzi. Mchana wako bandani, usiku tunawafungulia. Mke wangu ameletewa paka jike wa miezi minne. Siku ya pili tu mbwa mmoja alimkimbiza hadi juu ya mwembe, akashuka asubuhi. Jirani anasema niwaache, watazoeana wenyewe. Sijawahi kufuga paka, lakini sitaki afe. Nianzie wapi?
*Baba wa mbwa wawili, Arusha*

Ndugu, usiwaache. Kwa mbwa, kumkimbiza paka ni raha, na raha hiyo ndiyo malipo yake. Kila anapofanikiwa anazidi kuamini kwamba paka ni wa kukimbizwa. Kazi ya kwanza ni kuhakikisha mbio zile hazitokei tena hata mara moja.

Mpe paka chumba chenye mlango unaofungika. Hata stoo inafaa kama dirisha lina wavu. Weka humo maji, chakula, beseni la mchanga mbali na chakula, na boksi lenye matundu mawili ya kupita ili akijificha asijione amenaswa. Awe pia na mahali pa kupanda, kimo cha mita 1.5 hivi. Wengi hukaa humo siku 3 hadi 7, lakini mtazame yeye kuliko kalenda: akila vizuri, akajiramba manyoya na kukufuata mlangoni unapoingia, yuko tayari.

Siku hizo, harufu zitangulie kujuana kabla ya macho. Mfute paka mashavuni kwa kitambaa safi, ukiweke karibu na bakuli la mbwa. Kitambaa kingine mfutie mbwa shingoni, ukipeleke kwa paka. Badilisha kila siku. Mbwa akinusa na kuendelea na shughuli zake, ni dalili njema. Akikitafuna au kulialia juu yake, ongeza siku. Kisha uwe unamlishia mbwa nje ya mlango wa chumba cha paka. Anza bakuli likiwa mita 2 kutoka mlangoni, na kila siku lisogeze nusu mita ikiwa wote wawili wanakula bila kusita.

Ujuzi wako wa mbwa ndio utakaomlinda paka hapa. Kabla hawajaonana, kila mbwa awe anatii "kaa" na "acha" hata kipande cha kuku kikiwa chini mbele ya pua yake. Kama hajafika hapo, fundisha kwanza. Paka anaweza kusubiri chumbani wiki mbili bila madhara, mradi unaingia kukaa naye.

Siku ya kuonana, mtembeze mbwa dakika 30 hadi 45 apunguze nguvu, umfunge kamba ya mita 1.5 au 2. Ishike imara lakini isikazwe, kwa sababu kamba iliyokazwa humpandisha mbwa mori. Paka awe huru kabisa. Usimbebe mikononi: akiogopa atakupanda usoni, na mbwa atamrukia akiwa juu yako. Waanze wakiwa mita 4 au 5 mbali, kwa dakika 5 tu. Kila mbwa anapomtazama paka kisha akakugeukia wewe, mpe kipande cha nyama kidogo kama punje ya mahindi. Maliza mambo yakiwa bado mazuri. Rudia mara mbili au tatu kwa siku, na sogea karibu siku ambayo mbwa amelegea tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwanzoni mlete mbwa mmoja mmoja. Wawili wakiwa pamoja huchocheana, na yule mpole humfuata mkali. Wakutanishe wote na paka baada ya kila mmoja kuwa ametulia peke yake kwa wiki nzima.

Ujue pia cha kuogopa. Wengi huogopa mbwa anayebweka. Sisi tunamwogopa zaidi anayenyamaza: amesimama kama nguzo, mdomo umefungwa, masikio mbele, macho hayabanduki kwa paka, na ukimwita jina hasikii. Huyo anawinda. Anayelegeza mwili, akanusa ardhi na kutazama pembeni anajifunza. Ikiwa baada ya wiki mbili za mazoezi mbwa bado anakodoa hivyo akiwa mita 5, na hata nyama haimgeuzi, kubali kwamba hawa wataishi wametenganishwa. Si kila mbwa anafaa kuishi na paka, na si kosa lako.

Ndani ya nyumba, paka awe na njia ya kutoroka kila chumba: juu ya kabati, rafu ya upana wa sentimita 25, au mlango wa grili. Grili yenye nafasi ya sentimita 10 kati ya nondo ni rafiki mkubwa wa paka, maana yeye hupita na mbwa mkubwa hapiti.

Sasa suala la usiku, ambalo kwa nyumba zetu ndilo linaloua paka wengi. Mbwa aliyetulia mchana mbele yako anaweza kumuua paka yuleyule usiku uani, kwa sababu gizani anaona kitu kinachokimbia na hakuna mtu wa kusema "acha". Basi mlishe paka ndani, saa 12 jioni, kila siku bila kukosa. Baada ya wiki mbili atakuwa anakuja mwenyewe saa hiyo. Funga mlango, hakikisha kwa macho kwamba yumo, ndipo ufungulie mbwa. Mtu anayefungulia banda, awe mlinzi au kijana wa nyumbani, lazima ajue utaratibu huu.

Jumla ya kazi yote ni wiki kadhaa. Kwa mbwa wazima wa ulinzi, hata miezi miwili au mitatu. Mbwa aliyekutana na paka wapole kabla ya kutimiza wiki 12 hivi hurahisisha sana.

Nimefuga mbwa tangu utotoni. Huyu paka wangu ana mwaka mmoja. Nikirudi kazini hata hanilaki kwa shangwe. Akilala chali nampapasa tumbo, ananiuma. Akitingisha mkia nadhani amefurahi, kumbe yuko karibu kuniparura. Ananichukia?
*Msomaji, Nakuru*

Hakuchukii. Anakuambia mambo kwa ishara ambazo kwa mbwa zina maana nyingine.

Anza na mkia. Paka akija kwako mkia umesimama wima, ncha imejikunja kidogo, amekuamkia. Hiyo ndiyo ile shangwe ya mlangoni unayoitafuta, na pengine unaikosa kwa sababu unasubiri kurukiwa. Mkia unaopiga kushoto na kulia kwa nguvu maana yake amechoshwa. Mbwa akilala chali mara nyingi anaomba kukunwa. Paka akilala chali anaonyesha kwamba hana hofu nawe, lakini tumbo hakuligawa. Mkono ukifika hapo, miguu minne na meno vinajibu vyenyewe.

Mpapase mahali anapopenda: mashavuni, chini ya kidevu, na kati ya jicho na sikio. Hapo pana tezi za harufu, na akijisugua kwako anakupaka harufu ya nyumbani. Epuka tumbo, miguu na shina la mkia. Kaa chini, nyoosha kidole kimoja usawa wa pua yake, sentimita 30 hivi mbali naye, usubiri. Akinusa na kukuegemezea shavu, mpapase huku ukihesabu moja, mbili, tatu, halafu uache. Akisukuma kichwa tena mkononi mwako, endelea. Akibaki ametulia au akaondoka, ametosheka. Mpenda mbwa huona hatua hii ngumu kwa sababu mbwa karibu hatosheki, lakini paka anayeruhusiwa kuondoka hurudi mara nyingi zaidi.

Kuumwa kwa "ghafla" kwa kawaida si kwa ghafla. Kabla yake ngozi ya mgongo hucheza, masikio hugeukia pembeni, ncha ya mkia huanza kupiga, na kichwa hugeuka haraka kuutazama mkono. Ukiona moja ya hayo, ondoa mkono taratibu. Usitegemee ule mngurumo wa chini kwa chini pekee: paka hunguruma akiwa na raha, na pia hunguruma akiwa na maumivu, hivyo tazama mwili mzima.

Macho nayo yana kazi. Kumkodolea paka macho ni kumtisha. Mtazame kwa macho yaliyolegea, yafumbe polepole, yafumbue, halafu tazama kando. Utafiti wa watu wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba paka hujibu kwa kufumba macho vivyo hivyo, na kwamba humsogelea zaidi mtu mgeni aliyewafanyia hivyo kuliko aliyebaki na uso mkavu.

Na hilo la kutokulaki: paka hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, na huchangamka zaidi alfajiri na magharibi. Tumia magharibi hiyo. Funga kipande cha kitambaa au unyoya kwenye uzi, uzi kwenye fimbo, umkokotee sakafuni kama kitu kinachotoroka, dakika 5 hadi 10. Kielekee mbali naye, kipite nyuma ya kiti, kisimame, kikimbie tena. Mwachie akikamate mwishoni, halafu mpe chakula. Usitumie vidole kama windo, utamfundisha kwamba mikono huumwa. Ukimaliza, ficha uzi. Paka akiumeza, unaweza kukunja utumbo na kuukata. Ukiona uzi umetokeza nyuma usiuvute, mpeleke kwa daktari.

Paka wangu anakula chakula cha mbwa wangu: ugali na mabaki, siku nyingine punje za mbwa za dukani. Kwa macho ananawiri. Kuna ubaya?
*Mfugaji, Mwanza*

Upo, ila unakuja polepole. Mbwa anaweza kupata mahitaji yake kwenye mchanganyiko wa nyama na nafaka. Paka ni mla nyama kwa maumbile, na kuna vitu ambavyo mwili wake hautengenezi vya kutosha. Kikubwa ni taurini, kirutubisho cha kwenye nyama na samaki. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba upungufu wake hutanua na kudhoofisha moyo wa paka. Ulikwishajulikana pia kuharibu macho, na upofu huo haurudi nyuma. Vitamini A nayo: mbwa huitengeneza kutoka kwenye karoti na mboga, paka lazima aipate ikiwa tayari kwenye maini, samaki au mayai. Punje za mbwa hazikutengenezwa kwa hesabu hiyo. Akidokoa siku moja si kitu. Zikiwa ndizo chakula chake, miezi inavyopita anajengewa ugonjwa.

Paka mzima wa kilo 4 anahitaji kilokalori 200 hadi 250 kwa siku. Hiyo ni karibu gramu 130 hadi 150 za kuku aliyechemshwa bila mifupa, au gramu 160 hadi 190 za sato aliyepikwa na kutolewa miiba, au gramu 55 hadi 65 za punje kavu za paka. Gawa mara mbili au tatu.

Wewe uliye Mwanza una chakula kizuri mkononi: dagaa. Dagaa wa kuanikwa wana mchanga, kwa hiyo waoshe maji matatu, waloweke nusu saa, uwachemshe bila chumvi na bila kitunguu (kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka). Mchuzi usiumwage. Taurini huyeyuka kwenye maji, hivyo anayemwaga mchuzi anamwaga alichokuwa anakitafuta. Dagaa mzima ana mifupa laini inayompa paka kalsiamu. Nyama tupu bila mfupa haina kalsiamu ya kutosha, na mtoto wa paka anayelelewa kwa nyama tupu miguu hupinda na mifupa huvunjika kwa kuruka tu.

Ongeza moyo wa ng'ombe au mioyo ya kuku mara tatu kwa wiki. Maini yatoshe kijiko kimoja cha chakula kwa wiki, maana vitamini A ikizidi kwa miezi mingi hukakamaza shingo na uti wa mgongo. Ugali usizidi robo ya sahani. Samaki mbichi kila siku hapana, wapo wenye kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Maziwa paka wengi wazima huwaharisha.

Sahani ya paka iwe juu, kwenye meza au kizingiti cha dirisha, kwa sababu mbwa hukimaliza chakula cha paka kwa furaha na kunenepa. Na jambo moja la kukumbuka kwa mtu wa mbwa: mbwa mzima akisusa chakula siku moja au mbili mara nyingi hapati madhara makubwa. Paka asiyekula siku mbili, hasa mnene, mafuta huanza kujaa kwenye ini lake. Usisubiri siku ya tatu.

Nina matone ya kuua kupe na viroboto ya mbwa. Nikipunguza kipimo naweza kumpaka paka?
*Msomaji, Morogoro*

Hapana, hata tone moja. Dawa nyingi za mbwa za namna hiyo zina pemethrini, sumu ya wadudu ambayo ini la paka haliwezi kuivunja. Baada ya saa chache hutokwa mate, hutetemeka, kisha hushikwa na degedege. Amitrazi ya kuogeshea mbwa nayo usimwekee. Ukiwa umeshampaka, muogeshe sasa hivi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkaushe, mfunike apate joto, ukimbilie kwa daktari wa mifugo ukiwa na kifungashio cha dawa. Mbwa aliyepakwa matone hayo alale mbali na paka siku tatu.

Tunaongeza lisiloulizwa kwa sababu linaua: paracetamol. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka. Fizi hugeuka rangi ya kahawia, uso na miguu huvimba, pumzi hukata. Ibuprofen na diclofenac nazo usimpe.

Na kama paka wako ni dume, ukamwona anachuchumaa mara kwa mara kwenye mchanga, analia, na mkojo hautoki, usidhani ni choo kigumu. Njia ya mkojo imeziba. Anahitaji daktari siku hiyohiyo. Akifika kesho yake anaweza kuwa amechelewa.

Mbwa wangu hajawahi kuharibu kochi. Paka amelichana lote. Nimempiga, nimemmwagia maji, haachi.
*Mama wa nyumba, Tanga*

Mama, hataacha, na ukiendelea kumpiga atachana ukiwa hupo na kukuogopa ukiwepo. Paka lazima akwaruze. Anavua ganda la nje la kucha, ananyoosha mgongo na mabega, na anaacha alama ya harufu kutoka kwenye nyayo. Kazi yetu ni kumpa kitu kizuri kuliko kochi, na Tanga mna mkonge.

Tafuta gogo la mviringo la kipenyo cha sentimita 10, urefu wa sentimita 90. Paka mzima anataka kukwaruza akiwa amejinyoosha wima, kigogo cha nusu mita hatakitazama. Lipigilie kwenye ubao wa sentimita 50 kwa 50 kwa skrubu nne ndefu kutoka chini. Sukuma juu kwa mkono: likitikisika, ongeza ubao wa pili au jiwe zito, kwa kuwa paka akilikwaruza likayumba mara moja hatarudi. Nunua kamba ya mkonge ya unene wa sentimita 1. Kufunika sentimita 60 za gogo utatumia mita 21 hivi, nunua 23. Ikinuka mafuta ianike juani siku mbili tatu. Anzia chini, piga msumari mfupi, zungusha ukikaza na kugonga kila mzunguko kwa nyundo ushikane na wa chini yake, malizia kwa msumari uliozamishwa. Gundi tumia kwenye mizunguko ya mwanzo na ya mwisho tu.

Mahali pa kuliweka ndipo wengi hukosea. Wanalificha kona ya nyuma. Liweke mbele kabisa ya pembe ya kochi iliyochanwa, na pembe yenyewe ifunike kwa nailoni nene au shuka lililokazwa. Msugulie kitambaa chenye harufu yake kwenye kamba, mchezeshe uzi juu yake, na akilikwaruza mpe dagaa mmoja papo hapo. Baada ya wiki tatu za kulitumia, lisogeze sentimita 10 kwa siku kuelekea unapotaka. Kamba ikichakaa usiibadilishe mapema. Nyuzi zilizochambuka ndizo anazozipenda.

Mke wangu ni mjamzito. Ndugu wanasema tumtoe paka, ataharibu mimba, na manyoya yataleta pumu. Mbwa hawamsemi. Ni kweli?
*Baba mtarajiwa, Dodoma*

Kaka, hofu hii ina chembe ya ukweli, na ukiijua chembe hiyo huna haja ya kumtupa mnyama.

Kuna kimelea kiitwacho toksoplasma. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, mtoto anaweza kudhurika. Paka hutoa mayai ya kimelea hicho kwenye kinyesi, lakini kwa kawaida kwa wiki 1 hadi 3 tu, baada ya maambukizi yake ya kwanza. Na mayai hayo yakitoka hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji siku 1 hadi 5. Ndiyo maana kinyesi kikiondolewa kila siku hatari hupungua sana. Kazi hiyo ni yako wewe mwenye mbwa, si ya mkeo: mchanga wa kina cha sentimita 5 hadi 7, kinyesi kiondolewe asubuhi na jioni, mchanga wote ubadilishwe na beseni lisuuzwe kwa maji ya moto kila wiki. Mbwa azuiwe kulifikia beseni, maana wengi hula kinyesi cha paka.

Watu husahau njia nyingine za kimelea hichohicho: mishikaki isiyoiva, mchicha usiooshwa vizuri, udongo wa bustani. Mama ale nyama iliyoiva hadi ndani na avae glavu akilima. Paka naye asipewe nyama mbichi. Kama mna wasiwasi, ulizeni kliniki ya wajawazito kuhusu kipimo cha damu.

Pumu: kinachowasumbua wenye mzio ni protini ya kwenye mate na tezi za ngozi ya paka, inayokauka na kupeperuka. Asiye na mzio hapati pumu kwa kugusa manyoya. Mwenye pumu tayari anaweza kubanwa, na huyo paka asiingie chumbani mwake.

Msisahau chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka naye huugua na huambukiza, achanjwe akifika miezi 3 na kurudiwa kama daktari atakavyopanga. Paka wa mitaani akimng'ata mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali.

Nimelelewa Machakos na mbwa. Sasa nimeolewa Mji wa Kale, Mombasa. Mama mkwe ana paka watatu, na mbwa hawezi kuingia nyumba hii. Najaribu kuwapenda, lakini naona wananifuata kwa chakula tu. Paka anaweza kweli kumjua mtu na kumpenda?
*Bi arusi, Mombasa*

Dada, anaweza. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, waliwaweka watoto wa paka na wenyewe wao kwenye chumba kigeni, mwenyewe akatoka dakika mbili, akarudi. Karibu theluthi mbili walimsogelea mwenyewe, wakatulia, wakaendelea kukichunguza chumba. Ni kipimo cha aina ileile kilichotumika kwa watoto wachanga na kwa mbwa. Mwaka huohuo watafiti wa Japani walionyesha kwamba paka hutofautisha jina lake na maneno mengine yanayofanana nalo. Anakujua. Ila hakimbilii kukuonyesha.

Kwa mama mkwe, paka kuzunguka nyumbani si jambo la kuvumiliwa, ni la kawaida kabisa. Kuna Hadithi ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume Muhammad, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, akaeleza kuwa Mtume amesema paka si najisi, ni katika wanaowazungukia. Na wahenga wamesema paka wa nyumba haingwa. Ukianza kwa kuwaheshimu hao watatu, na yeye utakuwa umemheshimu.

Usijaribu kuwapenda wote kwa mpigo. Chagua mmoja, yule anayekaa chumba ulichopo hata bila chakula, na muombe mama mkwe mlo wake wa jioni uwe mkononi mwako. Halafu tumia ulichokijua kwa mbwa, kwa kiasi kidogo zaidi. Chagua mwito mmoja, jina lake au mluzi, usiobadilika. Siku tatu za kwanza, mwito utangulie sekunde moja kabla ya sahani kutua. Siku ya nne mwite akiwa hatua mbili mbali, ukiwa na vipande vya samaki vidogo. Akifika mpe kimoja. Fanya mara tano, dakika mbili, basi. Mbwa hufanya mazoezi robo saa kwa sababu anataka kukuridhisha. Paka hufanya kwa sababu inamlipa, na akichoka huondoka, wala usimfuate. Asiwe ameshiba: dakika kumi kabla ya mlo ndio wakati bora.

Wiki ya pili mwite kutoka chumba kingine, kisha kutoka ghorofani. Baada ya hapo mlipe kwa kubadilisha: mara samaki, mara kukunwa kidevu, mara kukaa tu karibu yako. Utaona siku anakuja na kubaki bila kutazama mkono. Asipokuja, sababu huwa moja kati ya hizi: umemwita mara nyingi mfululizo hadi mwito ukapoteza maana, kuna kelele au paka mwingine njiani, au ulimwita ukamwogesha. Ukiwa na dawa ya minyoo ya kumpa, mfuate alipo. Usimwite.